Siku Kuku Walipokula Reli ya Debe Saba

Wasichana, msinitafutie mkongojo. Mimi mstaafu nina miaka ishirini na sita, meno yangu yote yako, na mtoto wa miezi kumi amelala mgongoni ninapoandika haya. Neno hilo la kustaafu si langu. Ni la barua ya halmashauri ya shule, iliyosema kwamba Mwalimu Dorka amestaafu kwa hiari yake kwa sababu ya majukumu ya nyumbani. Hiari yangu! Waliona tumbo, wakaona haya wao, wakaniandikia hiari mimi. Nina mume, nina cheti cha ndoa, na bado tumbo lilikuwa kosa. Mwalimu Zakaria, mkuu wetu wa shule, ana watoto sita, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza majukumu yake ya nyumbani yanaendeleaje. Nilimpelekea ile barua. Akaisoma mara mbili, akakohoa.

"Ndiyo utaratibu, Dorka."

"Basi huo utaratibu ujizalie wenyewe, tuone," nikamwambia, nikatoka.

Sasa ninyi mnaoingia chuo cha ualimu mwaka huu, mlioniandikia kuniuliza kazi ikoje, nisikilizeni kabla huyu hajaamka. Sitawaambia habari ya chaki na rejista. Hayo mtafundishwa. Nitawaambia habari ya Debe Saba, kwa sababu huko ndiko nilikojua kufundisha, na ndiko nilikofanya kosa ambalo karibu lifukuze watu makwao.

Debe Saba hamtaiona kwenye ramani ya serikali. Pale wameandika jina la shamba, la Kizungu, refu kama mkia wa tumbili. Shuka treni Rongai, fuata barabara ya mikokoteni kuelekea kaskazini, Menengai ikiwa nyuma ya bega lako la kulia. Utapita mahindi, halafu mkonge, halafu mahindi tena, na ule udongo wetu mwepesi wa majivu utaanza kukuingia kwenye meno. Baada ya saa moja na nusu utaona jabali, na chini ya jabali kisima kidogo cha chemchemi. Ukichota humo madebe saba, la nane linatoka tope. Si sita, si nane. Kwa hiyo watu wa pale wana sheria yao. Aliyechota la saba analaza bua la mhindi juu ya maji, kutoka ukingo mpaka ukingo. Wewe ukifika ukalikuta bua, unaketi chini. Maji yanapumzika. Unaweza kuchoma hindi zima ukalila kabla bua halijaondolewa, na hakuna anayelivuka, hata mwenye mtoto anayelia. Nimeona nyapara wa shamba, mtu wa kupiga watu viboko, ameketi pale na debe lake akingojea bua kama mtoto wa shule.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyoikuta Debe Saba. Ningeielewa mapema ningejiokolea aibu nyingi.

Nilifika na kitabu cha jiografia kutoka chuoni, nikijiona msomi. Miaka miwili ya sekondari si mchezo kwa binti wa mfanyakazi wa reli. Asubuhi ya kwanza nikauliza darasa la tatu, "Kaskazini iko wapi?" Mikono yote ikaenda juu, kwenye mabati.

"Na kusini?"

Wakaonyesha sakafu.

Nilicheka mpaka nikaona kwamba kosa si lao. Walichokuwa nacho ni ramani moja ya Afrika iliyotundikwa ukutani, na mwalimu aliyenitangulia alikuwa amewaambia kaskazini ni juu. Juu ni juu. Wangeonyesha wapi tena?

Ningejifunza hapo, lakini kichwa kilikuwa kigumu. Nikafundisha mto mkubwa wa Uingereza wiki mbili, kama kitabu kilivyosema. Chanzo chake, bandari zake, meli zake. Wiki ya pili ikiisha msichana mmoja mwembamba wa nyuma, Kobilo, akainua mkono.

"Mwalimu, huo mto ukichota madebe mangapi unaingia tope?"

Darasa zima likanitazama, likitaka kujua kwa dhati. Nilifunga kitabu, na nawaambia sikukifungua tena mpaka muhula ukaisha.

Aliyeninyoosha ni Mzee Opiyo. Alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa mwenye shamba, lakini ujanani alikuwa amebeba mnyororo wa mpima ardhi, ule wa kupimia mashamba ya wazungu. Alijua nchi yote ile kwa nyayo. Nilimkuta jioni akiosha mikebe ya maziwa, nikamweleza nataka watoto wajue mahali wanapoishi.

"Wewe mwenyewe unapajua?" akauliza.

"Nimekaa mwezi mzima, Mzee."

"Kutoka shule mpaka kisimani ni hatua ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Akatikisa kichwa kama ameona ng'ombe mgonjwa.

"Kesho uje na viatu vya kutembea, si hivyo vya kanisani."

Alinifundisha hivi, na ninyi mshike. Weka punje za mahindi mfuko wa kushoto. Kila hatua mia moja, hamisha punje moja mfuko wa kulia. Ukikutana na mtu, simama kabisa, msalimie, maliza habari zake zote, ndipo uendelee, kwa maana ulimi na hesabu havilali kitanda kimoja. Usipime leo kwa hatua za mtoto mrefu na kesho za mfupi. Chagua mtoto mmoja awe mguu wa darasa. Wa kwetu alikuwa Kobilo, kwa sababu alitembea sawasawa, mlima na tambarare, kama saa ya ukutani.

Na kaskazini haitafutwi ukutani. Simika kijiti wima penye jua. Asubuhi tia alama mwisho wa kivuli, halafu kwa kamba chora duara kupitia alama hiyo, kijiti kikiwa katikati. Kivuli kitafupika, kitarefuka tena. Alasiri kikigusa duara upande wa pili, tia alama nyingine. Unganisha alama mbili, umepata magharibi na mashariki; simama mashariki ikiwa kulia kwako, na mbele yako ndiyo kaskazini. Watoto walipoona hivyo walipiga makofi kama nimetoa sungura kwenye kofia.

Nilitaka tuchore yote kwenye karatasi kubwa. Mzee Opiyo akaweka chini mkebe wa maziwa.

"Karatasi? Siku hizi za Hali ya Hatari, na vita msituni? Binti yangu, askari akikukamata na karatasi yenye njia za msituni, utamwambia ni hesabu za watoto?"

"Sasa nifanyeje?"

"Chora chini. Ardhi hakuna mtu anaikunja anaitia mfukoni."

Basi tukachora chini. Nyuma ya darasa palikuwa na uwanja, tukaufagia, tukaijenga hapo Debe Saba yote, ukubwa wa chumba cha kulala. Barabara tulitumia jivu. Vilima tulitumia yale mawe mepesi yenye matundu ambayo milima ya moto iliyatema zamani, na tuliyaweka kwanza kwenye karai la maji ili kila mtoto aone jiwe likiogelea. Kisima kilikuwa kipande cha kioo. Ng'ombe wa mwenye shamba walikuwa maharagwe. Reli kule kusini ilikuwa mahindi, punje mbili mbili, kutoka pembe moja mpaka nyingine.

Hiyo reli ilitutesa. Mwalimu Zakaria alifuga kuku saba, akiwapenda kuliko kwaya yake ya shule, na kuku wale walijua reli yetu kuliko fundi mitambo. Tukikaa darasani wanaikwangua stesheni nzima. Mwishowe tulikubaliana kwamba wakati wa masomo kuku wakae chini ya tenga, na wakitoka wapewe mahindi ya fidia. Zakaria alinuna, akakubali.

Historia nayo tuliiokota kwa miguu. Nilituma watoto wakaulize wazee nani alikiona kisima kwanza. Mwenye shamba, ambaye watu walimwita Bwana Miwani kwa sababu alikuwa akiitafuta hali ameivaa, alimwambia mtoto wa mpishi wake kwamba yeye ndiye aliyekigundua akiwa juu ya farasi. Nilimsimulia hilo mama yake Kobilo, tukiwa tumeketi tukingojea bua. Mama Kobilo alicheka mpaka debe likapinduka.

"Aligundua? Babu yangu ndiye alimwonyesha! Farasi yake ilikuwa inakufa kiu. Babu alisema, heri mzungu afe lakini farasi haina kosa."

Niliwaambia watoto wajifunze masimulizi yote mawili. Nikawapa sheria moja, nikaiandika ubaoni kwa herufi kubwa: UKIONA, WEKA. RAMANI HAIDANGANYI. Nilijivunia sana sheria hiyo. Kila wiki ramani iliongezeka. Mti ulioanguka, mzinga wa nyuki, choo kipya cha nyapara. Sikujiuliza hata mara moja nani mwingine atakuja kuisoma.

Lazima mjue jambo moja hapa. Mkataba wa kukaa kwenye shamba lile uliruhusu ng'ombe wachache kwa kibali, na mbuzi hakuna. Bwana Miwani aliwachukia mbuzi kama ukoma. Akimkuta mtu na mbuzi, kipande chake, kile kitambulisho cha kazi, kinatiwa sahihi ya kuondoka siku ileile, na nyumba inachomwa nyuma yake ili asirudi. Nilikuwa nimeiona moja ikichomwa. Mama Kobilo alikuwa mjane, na hakuwa na kwao kwingine. Kwao ndipo pale, tangu babu na farasi.

Inspekta wa shule akaja. Alikuja kuamua kama shule yetu inastahili darasa la tano, na Bwana Miwani akaja naye, kwa sababu shule ilikuwa kwenye ardhi yake na alitaka kuonyesha. Niliwapanga watoto kuzunguka ramani. Fimbo ya kuonyeshea ilikuwa mkononi mwangu, nguo yangu imepigwa pasi, na moyo umejaa. Nilijua hakuna shule ya shamba kutoka Njoro mpaka Rongai yenye kitu kama kile.

Bwana Miwani alianza kusini, akachuchumaa.

"Hii mahindi iko nini?"

"Reli, Bwana," watoto wakajibu pamoja.

"Na maharagwe?"

"Ng'ombe yako, Bwana."

Akafurahi, akaanza kuwahesabu, akisogea pole pole kuelekea kaskazini. Nami nikainua macho kwenda kaskazini kabla yake. Kule juu, nyuma ya jabali, mahali palipokuwa patupu jana yake, palikuwa na korongo lililochorwa vizuri kwa kidole. Ndani ya korongo kulikuwa na boma la vijiti, na ndani ya boma punje tisa za mtama mwekundu.

Nilimtazama Kobilo. Alikuwa amesimama wima, anang'aa kwa fahari. Alikuwa ameona, ameweka. Hatua alikuwa amezihesabu barabara, sina shaka. Nilielewa papo hapo mtama ule ni mbuzi wa nani, na nilielewa pia kwamba mtoto huyu akiulizwa atajibu ukweli mtupu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwapisha.

Bwana Miwani alikuwa amefika kisimani. Hatua mbili zaidi.

Tenga la kuku lilikuwa nyuma yangu. Nililisukuma kwa kisigino, likabingirika.

Wasichana, kuku saba waliofungiwa tangu alfajiri si kuku, ni jeshi. Walipita katikati ya miguu ya inspekta. Wawili waliingia stesheni, watatu wakashika njia ya reli, na jogoo, Mungu ambariki, alipanda moja kwa moja mpaka korongoni. Nilimsaidia. Nilirusha fimbo nikijifanya ninamfukuza, nikafagia boma lote kwa upindo wa sketi.

"Kuku wangu!" Mwalimu Zakaria akapiga yowe. "Dorka, wamefunguliwa na nani?"

"Reli yangu nakwisha!" Bwana Miwani alikuwa akicheka mpaka miwani ikamwanguka, na kuku mmoja akaidonoa.

Vumbi lilipotulia, reli haikuwapo, mtama haukuwapo, barabara zilikuwa jivu tupu. Maharagwe tu ndiyo yaliyobaki. Kuku hawapendi maharagwe makavu, kwa hiyo ng'ombe wa Bwana walisalimika wote. Kazi ya wiki saba ilikuwa imeisha kwa muda wa kusema Baba Yetu.

Inspekta hakucheka. Alifungua daftari lake.

"Mwalimu, nimekuja kuona jiografia. Jiografia iko wapi?"

"Waulize watoto," nikasema.

"Haya. Kaskazini iko wapi?"

Mikono arobaini ikanyooka. Si mabati. Yote kuelekea upande mmoja, juu ya jabali, kuelekea Baringo, imenyooka kama nyaya za simu. Akageuka, akatoa dira mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Maji ya kisima hiki yanakwenda wapi?"

Kobilo alikuwa analia kwa sababu ya ramani, lakini akajibu. "Yanaingia kijito, kijito kinaingia mto Molo, mto Molo unaingia ziwa Baringo."

"Halafu baharini," inspekta akamsaidia.

"Hapana, Bwana. Baringo hayatoki. Yanakaa hapo hapo."

"Mito yote huishia baharini, mtoto."

"Huu hapana, Bwana."

Nani aliwahi kumwambia inspekta hapana? Mwalimu Zakaria alifumba macho. Inspekta alikwenda kwenye gari lake, akarudi na ramani ya serikali, akaitandika kwenye boneti, akaufuata mto kwa kidole mpaka ziwani. Kisha akaikunja. Akaandika kitu daftarini, na baadaye Zakaria alinionyesha nakala: uwanja una fujo ya kuku, jiografia ni nzuri sana. Darasa la tano tulilipata. Mpaka leo nikikumbuka ile mikono arobaini natembea wima zaidi.

Walipoondoka Kobilo alinijia, macho mekundu.

"Mwalimu, ulisema ramani haidanganyi."

"Haikudanganya, Kobilo. Imeliwa."

Akanitazama vile watoto wanavyotutazama tukijifanya wajanja. Nikaketi chini pamoja naye nikamwambia ukweli, kwamba kosa ni langu, kwamba niliwafundisha kuweka kila kitu na sikuwafundisha kuuliza anayekuja kutazama ni nani. Halafu akasema, "Walikuwa tisa lakini mmoja ana mimba." Hata hapo alitaka hesabu iwe sawa.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango wa nyumba yangu nikakuta bua la mhindi limelazwa kizingitini, kutoka ukingo mpaka ukingo. Mama Kobilo alikuwa ameketi kando, amejifunga shuka.

"Habari ya asubuhi, Mama Kobilo."

"Habari gani? Umesoma mpaka Kiingereza, na unataka mimi nilale wapi na watoto?"

"Sikujua, mama. Naapa."

"Hujui, na unafundisha!" Alinipa maneno yangu yote, nami niliyapokea nimesimama, kwa sababu nilistahili. Alipomaliza aliliangalia bua, akaniangalia mimi. "Hapo umechota la saba. Umesikia? Ingine ni tope."

Alisimama akaenda. Sikulivuka lile bua. Nilingoja mpaka alipofika kwenye mkonge, ndipo nikaliondoa, nikaenda shule. Tulijenga ramani upya, na niliifuta ile sheria ubaoni nikaandika nyingine: JUA YOTE. ONYESHA YANAYOONYESHWA. Zakaria aliuliza maana yake nini. Nikamwambia ni jiografia ya darasa la tano.

"Na lile tenga?" akauliza. "Ulilifungua wewe?"

"Nilijikwaa."

"Wewe hujikwai, Dorka." Lakini hakuuliza tena, na kwa hilo namshukuru, pamoja na ugomvi wetu wa baadaye.

Hiyo ndiyo kazi. Mtaambiwa mtu mwenye mtoto mgongoni hawezi kuifanya. Mimi nilitembea nchi ile hatua kwa hatua nikiwa na tumbo la miezi saba, punje mfukoni, darasa zima nyuma yangu, wala sikukosea hesabu. Wanaume walioandika ile barua hawajui kutoka ofisi yao mpaka kisimani ni hatua ngapi. Nendeni mkafundishe. Wakiwatoa, toeni kelele. Mimi barua nimeshawajibu mara tatu, na ya nne iko mezani.

Huyu mgongoni ameamka. Alipofika miezi sita niliugua, maziwa yangu yakakauka, na maziwa ya ng'ombe yakamkataa, tumbo likawa linaendesha mchana na usiku mpaka nikaanza kuogopa kumtazama usoni. Sikumwambia mtu. Siku ya tatu Kobilo alitokea mlangoni, sasa msichana mrefu, na kibuyu kimefungwa kwa jani. Hakueleza kitu. Alisema tu, "Mama anakusalimu." Mtoto alikunywa akalala. Tangu hapo kibuyu kinakuja kila siku ya pili, na mtoto ana mashavu kama mandazi.

Mbuzi wako wapi siku hizi? Walihamishwa kutoka lile korongo zamani, zaidi ya hapo sina habari. Mimi mwalimu wa jiografia, na sijauliza.